Nusu Mbili Zisizoonana

Mgeni aliingia dukani asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, amekumbatia kopo la bati la maziwa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Shamimu alikuwa nyuma ya kaunta, amejitanda shuka la mama yake juu ya koti, anabandika majina kwenye vifurushi vya basi la Kirando. Aliinua macho, akamtazama. Alikuwa kijana mrefu, na vumbi jekundu lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Amevaa shati jepesi la mikono mifupi, shati la mtu wa bondeni aliyesahau kwamba huku juu Ufipa upepo wa Julai hauulizi mtu kabila.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri, karibu. Mzigo unakwenda wapi?"

"Hauendi. Umefika." Akaliweka kopo juu ya kaunta polepole. "Namtafuta Bwana S. Hamidi."

Shamimu akamwambia kwamba baba yake, Mzee Hamidi, yupo stendi na atarudi saa nne. Kijana akatikisa kichwa. Huyo anayemtafuta, alisema, ameandika kipande cha programu, programu ya kuchakata picha za hadubini ya elektroni. Jina lake lipo chini kabisa kwenye orodha ya waandishi, S. Hamidi, Sumbawanga. Alikuwa ameulizia sokoni, akaulizia msikitini, na kila alikouliza walimwambia Hamidi wanayemjua wao ni wa vipuri na vifurushi.

Mkono wa Shamimu ukasimama juu ya gundi. Kwa miaka mitatu, katika mji huu mzima, hakuna mtu aliyewahi kuitaja programu ile mbele yake.

"Ni mimi," alisema.

Kijana alimwangalia. Akaangalia kaunta, mikanda ya feni iliyoning'inia ukutani, birika linalochemka juu ya jiko la mkaa, kisha akamwangalia tena. Shamimu alijiandaa kwa kicheko alichokizoea, kile cha watu wa chuo walipogundua kwamba S ni ya msichana. Hakikuja.

"Nilikuwa Kaoze kwa wazazi wangu," alisema kijana, sauti imeshuka. "Nachakata picha kwa umeme wa jua. Wingu likapita, mashine ikazima. Saa thelathini na moja za kazi, dada. Nikashika kichwa. Nilipoiwasha, ikaendelea palepale ilipoishia. Nikasoma msimbo wote wa programu usiku na mchana nimjue aliyeandika sehemu ile. Kwa sababu wenye mashine kubwa hawawezi kuiandika. Hawajui kwamba umeme hukatika."

Shamimu hakujua kwamba alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Aliijua tu ilipofika. Akageuka akamimina chai, kwa sababu mtu akimimina chai hatazamwi machoni.

Wakaambiana majina; kijana aliitwa Nyanda. Baba yake alihama kutoka Shinyanga na ng'ombe wake zamani, akashuka Bonde la Rukwa, akalima na kufuga Kaoze. Nyanda alisomea tiba ya mifugo, na alichokuwa akikisaka kilimkaa moyoni tangu utotoni: ndigana, ugonjwa wa kupe uliomlaza baba yake zizini wiki nzima akiwahesabu ndama waliokufa. Sasa alikuwa akichunguza protini moja iliyo kwenye ngozi ya kijidudu cha ugonjwa huo. Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imemwazima hadubini yake kwa siku mbili. Picha zote zilikuwa kwenye diski, diski ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, imeviringishwa kwenye kitenge cha mama yake ili vumbi la barabara lisiione.

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ya matairi, na kati ya matairi ilikaa kompyuta ya Shamimu, aliyoijenga kipande kwa kipande tangu amalize chuo. Mlango ulikuwa wazi kuelekea kaunta, kwa heshima. Alichomeka diski, akafungua picha ya kwanza.

Ilikuwa ya kijivu tupu. Mtu mwingine angesema ni ukungu wa Milima ya Mbizi asubuhi. Shamimu alisogeza uso karibu na kioo.

"Wapo," alinong'ona. "Hawa hapa. Na hapa."

Madoa, hafifu kuliko kivuli cha mbu. Kila doa lilikuwa protini moja, imegandishwa ghafla katika barafu nyembamba kabla haijapata muda wa kuharibika, ikapigwa picha kwa elektroni chache mno, kwani ukizidisha unaiunguza. Ndiyo maana doa moja halikuambii kitu. Lakini yalikuwa laki mbili, moja limelala, jingine limesimama, jingine limegeuza mgongo. Kazi ya programu ilikuwa kuyageuza yote, kuyapanga, kuyaweka moja juu ya jingine, mpaka ukungu uchoke na sura itoke. Na programu yenyewe haikuwa ya mtu. Iliandikwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana, kila mmoja ameongeza mstari wake na kuuacha wazi, asomaye asome, arekebishaye arekebishe. Shamimu aliipenda kwa sababu hiyo. Ilimkumbusha kisima cha kijiji, ambacho hakuna anayekumbuka nani alianza kuchimba.

Nyanda alimwonyesha matokeo aliyokwisha kuyapata. Yalikuwa mazuri ajabu. Umbo safi, na ubavuni mkono mmoja uliojitokeza, kama mkono wa mtu anayeomba maji. Huo mkono ndio ulikuwa kila kitu. Ungeweza kushikwa na dawa. Profesa wake alikuwa ameshauandalia tangazo, na Nyanda alikuwa ameshapewa nafasi ya miaka mitatu katika maabara ileile ya ng'ambo.

"Basi umekuja kwangu kufuata nini?" aliuliza Shamimu.

Nyanda alitazama ule mkono. "Silali vizuri," alisema. "Ni mzuri mno."

"Ulianzia na umbo gani?"

"La kijidudu ndugu yake. Linajulikana."

"Lina mkono?"

Nyanda aliitikia kwa kichwa. Shamimu alimhurumia, lakini kazi ni kazi. Alifungua folda nyingine. Ndani yake, alimweleza, kuna picha elfu nne zisizo na kitu, chenga tupu alizozitengeneza mwenyewe kwa kubahatisha namba. Akachukua mchoro wa birika, birika lilelile lililokuwa linachemka pale dukani, akaiambia programu itafute kitu cha namna hiyo katika zile chenga. Wakangoja. Chai ikapoa. Na polepole, kutoka katika picha zisizo na chochote, likatoka birika: tumbo, mkono, na mdomo wake uliopinda.

Nyanda aliondoa kofia kichwani bila kujua.

"Hamna birika mle," alisema.

"Hamna. Ila ukienda nalo, utarudi nalo."

Nyanda alikaa juu ya tairi la lori, viwiko magotini. Shamimu aliogopa kwamba amemvunja. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na maji, na katika yale maji kulikuwa na mshangao zaidi ya huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua.

"Nimesoma hilo katika vitabu," alisema. "Sikuwahi kuliona. Sasa tufanyeje, dada Shamimu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Njia ilikuwepo, na ilikuwa ya zamani katika kazi ile. Madoa unayagawa mafungu mawili. Kila fungu linaanza bila umbo lolote, na mafungu hayo hayaonani mpaka mwisho. Kilichomo katika yote mawili ni cha kweli. Kilichomo katika moja tu ni njozi. Kwa kawaida programu hufanya yote hayo ndani ya mashine moja, lakini Nyanda alisema hajiamini tena. Fungu moja libaki hapa, lishughulikiwe na mkono mwingine. Jingine atashuka nalo Kaoze.

Wakawekeana masharti. Siku tisa, pasipo simu wala ujumbe. Jumamosi ya wiki inayofuata, baada ya alasiri, Nyanda atapanda na fungu lake. Na hakuna atakayefungua sura yake peke yake.

"Kwa nini hilo la mwisho?" aliuliza Shamimu.

"Kwa sababu nikifungua peke yangu nitaona ninachotaka. Niahidi."

"Nimeahidi. Na wewe uniahidi kitu. Ukikuta mkono haupo?"

Aliugeuza ule mfuniko wa kopo mikononi. "Nitamwandikia profesa siku hiyohiyo," alisema. "Kabla sijatia kitu kinywani. Njaa itanikumbusha nisiahirishe."

Alipotoka, Mzee Hamidi alikuwa anaingia. Nyanda aliinama akatoa shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya malori, kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amebandika jina la Kirando kwenye kifurushi cha Mwimbi.

Nyumbani hakikufichika kitu. Mama yake, Bi Sauda, alikiona kwenye chumvi iliyozidi mbogani. Baba alikisema wazi siku ya tatu, bila kupandisha sauti, kwani hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwamba kijana yule ni wa watu wengine, dini nyingine, maisha ya kufuata ng'ombe na mvua. Alisema familia ya akina Amin, wenye mabasi ya Mpanda, wamesubiri jibu la posa tangu mfungo uishe, na Amin mwenyewe hana kasoro anayoijua. Shamimu naye hakuijua. Amin alikuwa mpole, alikuwa na meno mazuri, na kila alipomuuliza kuhusu kazi yake ya kompyuta alisema, "Safi sana," kama mtu anayesifia mtoto wa jirani.

"Sikulazimishi," alisema Mzee Hamidi. "Sijawahi kumlazimisha mtu. Ila kama kilichopo kati yenu ni kazi, nionyeshe kazi. Wageni watakuja Jumamosi adhuhuri. Kabla hawajaketi, nijue nawaambia nini."

Adhuhuri. Na Nyanda angefika baada ya alasiri.

Kompyuta ilimaliza Alhamisi. Umeme ulikuwa umekatika mara nne katika wiki hiyo, na mara nne mashine ikainuka ikakumbuka ilikoishia. Alasiri ile Shamimu aliingia stoo akakuta maandishi mafupi kwenye kioo: kazi imekamilika. Chini yake jina la faili. Kubonyeza mara moja tu.

Alikaa juu ya lile tairi la lori.

Hapo ndipo alipojikuta akitenda dhambi ileile waliyoikimbia. Alikuwa anatamani mkono usiwepo. Ukikosekana, tangazo litafutwa, nafasi ya ng'ambo itafutwa, na yule kijana wa kope nyekundu atabaki bondeni, mwendo wa siku moja kutoka mlango huu. Alilitaka hilo kwa nguvu iliyomtisha. Tayari alikuwa na birika lake moyoni, na kama angefungua sasa, angeliona. Alishusha kitambaa juu ya kioo, akatoka, akawasaidia wapagazi kupakia mizigo hadi viganja vikamuuma.

Jumamosi asubuhi nyumba ilinuka iliki na nyama. Bi Sauda alikuwa amepika pilau tangu alfajiri. Mzee Hamidi alikuja dukani amevaa kanzu, akasimama kwenye mlango wa stoo.

"Imemaliza?"

"Imemaliza, Baba."

"Basi fungua nione."

"Siwezi. Nimeahidi tutafungua wote."

"Shamimu." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Ni yako. Iko kwako. Mashine ni yako, umeme nalipa mimi. Nakuomba kitu kimoja cha kuwaambia watu. Na huyo mwenzio hujui hata kama atakuja."

Ni kweli, hakujua. Siku tisa ni nyingi. Akatazama juu ya kaunta, pale babu yake alipopaka maneno kwa rangi nyekundu kabla yeye hajazaliwa, maneno ambayo kila dereva na kila mpagazi aliyefanya kazi na familia hii aliyajua: Mzigo wa mtu haufunguliwi njiani. Chini ya rafu ya mwisho kulikuwa na sanduku la mtu wa Mwimbi asiyekuja kulichukua. Lilikuwa na miaka minne. Panya walikuwa wamelitamani, forodha walikuwa wameliulizia, Bi Sauda alikuwa ameapa kwamba ndani mna dhahabu, na baba yake hakuwahi hata kulitikisa.

"Baba," alisema. "Ni mzigo wa mtu."

Mzee Hamidi alitazama yale maneno mekundu. Alitazama muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Kisha akavaa miwani, akaenda zake nyumbani.

Yaliyotendeka barazani Shamimu aliyasikia baadaye kwa mama yake. Wageni waliketi, wakasalimiana, wakaulizana afya na mazao na hali ya barabara. Shangazi yake Amin, Bi Shida, alipolifikisha lile neno, Mzee Hamidi alisema kwa adabu kwamba binti yake ana mzigo wa mtu mkononi, na aliye na mzigo mkononi habebeshwi mwingine. Bi Shida aliuliza ni mzigo gani. Akasema hajui, haujafunguliwa. Basi wakaondoka. Bi Shida, aliyekuwa shoga yake Bi Sauda kwa miaka ishirini, aliyemshika mkono siku Shamimu anazaliwa, alijifunga ushungi wake akatoka bila kuonja hata punje.

"Sufuria nzima," alisema Bi Sauda, akikaa kwenye kigoda cha dukani, macho mekundu. "Haijaguswa. Sijui kama Shida atakanyaga tena kwangu. Huyo kijana wako awe na maana."

Alasiri ikaadhiniwa. Shamimu alisimama mlangoni. Yakapita malori ya mahindi, wakapita wanawake na vikapu vya ulezi, jua likaanza kulala juu ya mabati na upepo ukarudi kuwa wa kuuma. Mara tatu aliichukua simu, mara tatu akairudisha. Jamani, siku tisa.

Alimtambua kwa kopo kabla hajamtambua kwa sura. Alikuwa anapanda barabara kwa miguu, anachechemea, safari hii amevaa koti la baba yake lililomfika magotini. Lori lilivunjika ekseli chini ya mlima, alieleza alipofika, akapanda kwa miguu tangu alfajiri. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Umefungua?" aliuliza Shamimu.

"Sijafungua. Profesa ameitaka tangu jana, nikamwambia kesho. Wewe?"

"Sijafungua."

Wakatazamana, na tabasamu lililopita kati yao halikuhitaji kugusana mkono.

Wakaingia stoo. Mlango ukaachwa wazi kama siku ile. Shamimu alichomeka diski, akafungua fungu lake, likatokea upande wa kushoto wa kioo, likizunguka taratibu. Akafungua la Nyanda upande wa kulia. Moja lilitoka katika jua la bondeni, jingine katika umeme wa kukatikakatika wa huku juu. Hakuna lililowahi kusikia habari za mwenzake. Na yalikuwa yanazunguka, kitu kilekile, mkunjo kwa mkunjo, kama mapacha waliolelewa katika nyumba mbali mbali wakakutana njiani wakakuta wanacheka namna moja.

Kifua cha Shamimu kilijaa. Kilikuwa kidogo mno kuliko chochote jicho linachoweza kukifikia, mamilioni yake yangekaa kwenye ncha ya sindano ya mama yake. Kilikuwa kimekaa kwenye damu ya ng'ombe tangu kabla ya babu zao, kimeua, kimefilisi, na hakuna kiumbe aliyewahi kukiona uso. Sasa kilikuwa hapa, katikati ya matairi, kimekunjwa kwa ustadi kama jani changa ambalo halijafunguka.

"Subhanallah," ilisema sauti nyuma yao. Mzee Hamidi alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma ya bega lake Bi Sauda na sinia. "Hicho ndicho kinachoua ng'ombe?"

"Ndicho, mzee," alisema Nyanda.

"Mbona kizuri hivyo?"

Shamimu aliyaweka mafungu mawili moja juu ya jingine. Yakakaa. Mstari unaopima upatanisho ukajichora chini ya kioo, mrefu, mtulivu, ulioshuka pale tu picha zilipoishiwa na la kuonyesha. Kilikuwa cha kweli.

Na hakikuwa na mkono.

Aligeuka kumtazama Nyanda. Alikuwa amekwisha kuona. Pale ubavuni, mahali pa mkono ulioombewa safari ya ng'ambo, palikuwa laini, pamejifunga. Kile alichokitamani Shamimu tangu Alhamisi kilikuwa mbele yake, chenye ushahidi wa mafungu mawili, na hakikuwa na ladha hata kidogo. Alitamani kuufinyanga ule mkono kwa vidole vyake mwenyewe amrudishie.

"Pole," alisema.

"Usinipe pole." Nyanda alisema polepole, bila kuondoa macho. "Tazama kilivyojikunja. Mimi nilikuwa nakilazimisha kinyooshe mkono, na chenyewe kilikuwa kimelala hivi siku zote."

Bi Sauda, ambaye hakuelewa mkono gani, alielewa njaa. Alisukuma sinia mbele, akaliweka juu ya boksi la vichujio. Pilau, kachumbari, na nyama kubwa juu. Alimwambia kijana ale, ametoka mbali, mambo ya kompyuta hayakimbii.

Nyanda aliitazama ile pilau. Shamimu aliona koo lake likipanda na kushuka.

"Ahsante sana, mama. Naomba nisubiri kidogo."

Uso wa Bi Sauda ulijikunja. Alikuwa ameshaachiwa sufuria mara moja siku hiyo. Mzee Hamidi alisogea hatua moja ndani ya stoo.

"Kijana," alisema, "chakula chetu kina nini?"

"Hakina kitu, mzee. Harufu yake imenipokea tangu barabarani, na sijala tangu jana jioni." Nyanda alikuwa amesimama, mikono mbele kwa adabu. "Niliahidi hapahapa. Mkono usipokuwepo, nitamwandikia mkubwa wangu siku hiyohiyo kwamba nilikosea, kabla sijatia kitu kinywani."

"Ukimwandikia, atakufanyaje?"

"Tangazo litafutwa. Na ile safari ya ng'ambo, nadhani imekwisha. Nafasi ilikuwa ya ule mkono."

"Nani anajua kwamba haupo?"

Nyanda alifikiri. "Sisi wanne," alisema.

Mzee Hamidi alivuta tairi dogo, akaketi juu yake na kanzu yake nyeupe ya wageni, mikono juu ya fimbo, kama mtu aliyeamua kungoja mzigo upakuliwe.

Nyanda aliandika kwa kusimama, simu mkononi. Haikuwa barua ndefu. Shamimu aliona mstari mmoja tu kwa pembeni: mkono niliouona niliupeleka mimi mwenyewe. Nyanda alimwomba ruhusa ya kutaja jina lake kama aliyelifanya fungu la pili. Shamimu akakubali kwa kichwa. Nyanda akabonyeza, na mtandao ukagoma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Alitoka hadi mlangoni, akainua simu juu kuelekea mnara wa kilimani. Kikazunguka. Mvuke wa pilau ulikuwa unapungua juu ya sinia, mafuta yanaanza kuganda kwa baridi, na katika chumba kile hakuna aliyemwambia akae ale kwanza. Hata Bi Sauda. Alikuwa amechukua kawa akalifunika sinia, taratibu, kwa mikono miwili.

Adhana ya magharibi ilianza. Nyanda alishusha mkono.

"Imekwenda," alisema.

Alirudi akasimama mbele ya lile sinia kama mtu asiyejua aanzie wapi. Vumbi la bonde lilikuwa bado kwenye kope zake. Mzee Hamidi aliinuka, akajikung'uta kanzu, akasema anakwenda kuswali na akirudi asikute nyama hiyo imebaki. Kisha, akiwa amempa kisogo tayari, akasema, "Shamimu. Mnawishe mgeni."

Shamimu aliinua birika kutoka kwenye jiko la mkaa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nyanda alinyoosha mikono yake juu ya beseni, yote miwili, na yeye akamimina kidogokidogo, mpaka maji yakaacha kuwa mekundu.